Mtaalamu Aliyekuja na Programu Yake

Mafunzo ya utengenezaji wa mifumo ya wavuti ya taasisi, yaani programu zinazofunguliwa kwa kivinjari cha intaneti na kutumiwa na maelfu ya watu kwa wakati mmoja kulipia ada, kuomba leseni au kufuatilia mizigo bandarini, yanastahili jina hilo pale tu anayeyaongoza anapokubali kuugusa mfumo ambao washiriki wake wanautunza kila siku. Mtaalamu anayekuja na programu aliyoiandika mwenyewe, akaijenga upya mbele ya watu kwa siku tano na kuondoka nayo, ameonyesha ustadi wake lakini hajamfundisha mtu kazi. Hukumu hii ni kali, na yaliyoshuhudiwa wiki hii hayakuacha sababu yoyote ya kuilainisha.

Katika ukumbi wa hoteli moja mjini Morogoro, mji ambao taasisi nyingi hupenda kuwapeleka watumishi wao kwa mafunzo ya nje ya kituo cha kazi, vijana wa TEHAMA wa taasisi moja ya umma waliketi mbele ya mkufunzi mwenye sifa za kweli, mtu aliyeifanyia kazi lugha ya Java kwa miaka mingi na anayeijua kwa kina. Kwa siku nne alijenga mfumo wa kuazima vitabu akitumia Spring Boot, ambacho ni kiunzi kinachompa mwandishi wa programu sehemu nyingi zilizokwisha kutengenezwa ili asianze kila kitu upya, na kila alichokiandika kilifanya kazi mara ya kwanza, kwa kuwa kilikwisha kufanya kazi katika kumbi nyingine kabla ya huo. Siku ya tano mshiriki mmoja, dada ambaye ofisini kwao ndiye anayepigiwa simu mfumo unapogoma usiku, aliuliza kinachopaswa kufanywa pale mwananchi anapoonekana kwenye mfumo kuwa amelipa ada moja mara mbili ilhali fedha zilizoingia benki ni za mara moja. Mkufunzi alijibu kwa upole kwamba swali ni zuri ila liko nje ya mada, kisha akaendelea na slaidi ya mpangilio wa kurasa. Vyeti vikatolewa, picha ya pamoja ikapigwa.

Swali hilo ndilo lililokuwa mada. Mwananchi anapolipa kwa simu, mfumo wa malipo huuarifu mfumo wa taasisi kwamba fedha za kumbukumbu namba fulani zimepokelewa, kisha husubiri jibu. Mtandao ukikatika baada ya taarifa kufika na kabla ya jibu kurudi, mfumo wa malipo, usiojua kama ulisikika, hulazimika kuituma taarifa ileile tena, na programu iliyoandikwa na mtu asiyelitarajia jambo hilo huandika malipo mawili. Mwandishi wa programu asiye na uzoefu huongeza hatua ya kuangalia kwanza kama namba hiyo imekwisha kuandikwa, huijaribu kwenye kompyuta yake, huona tatizo limekwisha na kwenda kulala. Lakini mfumo wa taasisi huendeshwa na seva zaidi ya moja, yaani kompyuta kadhaa zinazogawana kazi, na taarifa mbili zikiingia kwa pamoja katika seva mbili tofauti, kila seva itaangalia, kila seva itakuta namba haipo, na kila seva itaandika. Dawa yake imo ndani ya hifadhidata yenyewe, mahali kumbukumbu zote zinapowekwa: namba ya muamala hupewa sharti la upekee, ambalo huikataa ikiletwa mara ya pili hata kama taarifa mbili zilizoileta zimepishana kwa sehemu ndogo ya sekunde, na programu huandikwa ili iipokee hali hiyo bila kuanguka na kumpa aliyetuma jibu lilelile la mwanzo. Kuyaeleza haya ubaoni, pamoja na zoezi lake, kunahitaji asubuhi moja, na anayeyaelewa huyabeba kwa maisha yake yote ya kazi. Aliyeyauliza amerudi ofisini bila hayo.

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi kwa sababu halikuonekana kabisa ukumbini. Mfumo wa taasisi hiyo unaendeshwa kwa Java 8, toleo la mwaka 2014, kama ilivyo mifumo mingi mikubwa iliyojengwa katika miaka ile, ilhali mkufunzi alifundisha kwa Spring Boot 3, iliyotoka Novemba 2022 na ambayo haikubali toleo lolote lililo chini ya Java 17. Tofauti hiyo si ya namba tu. Java EE, mkusanyo wa kanuni za kujengea mifumo ya taasisi uliotolewa na kampuni ya Sun Microsystems mwaka 1999 kwa jina la J2EE, ulirithiwa na Oracle ilipoinunua Sun mwaka 2010, na baadaye Oracle ikaukabidhi kwa Eclipse Foundation huku ikibaki na haki ya kutumia jina la Java. Ndiyo maana mkusanyo huo sasa unaitwa Jakarta EE, na kuanzia toleo la 9 la mwaka 2020 vifurushi vyake ambavyo majina yake yalianza kwa javax vikabadilishwa vianze kwa jakarta, na Spring Boot 3 hutumia majina hayo mapya. Matokeo yake ni kwamba darasa walilolisikiliza vijana wale haliwezi kuingizwa katika mfumo wa ofisi yao mpaka mfumo mzima uhamishwe, pamoja na kila maktaba ya programu unayoitegemea, na uhamishaji huo, ambao ndio kazi ngumu na ya hatari inayowasubiri, haukutajwa hata kwa dakika moja. Mkufunzi angeuliza siku ya kwanza, "Nyinyi mko toleo gani?", wiki nzima ingekwenda kwa namna nyingine.

Inasikitisha zaidi kwa kuwa kiunzi alichokifundisha kina asili inayomhukumu. Mwaka 2002 Rod Johnson, mshauri aliyekuwa ameshiriki katika miradi ya J2EE, alichapisha kitabu Expert One-on-One J2EE Design and Development, ambamo alionyesha kwa mifano ya kazi halisi kwamba njia zilizokuwa zikisifiwa wakati ule, hasa vijenzi vya EJB, zilikuwa nzito kupita mahitaji ya mifumo mingi, na akaambatisha msimbo wake mwenyewe ili wasomaji waupime. Wasomaji waliupima, wakautaka uwe mradi huria, na mwaka 2004 ukatoka kama Spring 1.0, msingi ambao Spring Boot imejengwa juu yake. Spring ilizaliwa na mtaalamu aliyekubali kujadili hadharani mambo yaliyokwama, naye mtaalamu wa Morogoro alikuwa na shida ya kweli mezani pake, imeletwa na mtu aliyeumizwa nayo, akaisukuma pembeni. Mwanagenzi wa gereji hajifunzi kwa gari jipya linalowaka kila ufunguo unapozungushwa.

Wasomaji wa safu hii wanaujua ugomvi wake wa siku nyingi na vyeti vya ushiriki, na hapa hauna budi kurudiwa. Taasisi haikununua ujuzi. Ilinunua orodha ya mahudhurio, kwa sababu fungu la mafunzo lisipotumika kabla ya tarehe 30 Juni, mwaka wa fedha unapofungwa, huhofiwa kupunguzwa, na posho ya kujikimu humfanya kila mshiriki aone uchungu kulalamika. Gharama ya uzembe huo ni kubwa. Kampuni ya Equifax ya Marekani ilivamiwa mwaka 2017 kupitia udhaifu uliokuwamo katika Apache Struts, kiunzi kingine cha wavuti cha Java, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikachukuliwa, ingawa kiraka cha kuuziba udhaifu huo kilikuwa kimetangazwa mwezi Machi na wavamizi waliingia Mei. Aliyehitajika katika miezi hiyo ni mtu anayejua mfumo wake umejengwa kwa vipande gani na namna ya kubadilisha kimoja bila kuviangusha vingine, na mtu wa namna hiyo haandaliwi kwa mfumo wa kuazima vitabu.

Wapo watakaosema kwamba mfumo wa taasisi hauwezi kufunguliwa mbele ya mgeni, hasa baada ya Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Sheria hiyo inalinda taarifa za watu, nayo haizuii nakala ya mfumo yenye majina ya kubuni na miamala ya kubuni kuwekwa kwenye kompyuta za mafunzo chini ya mkataba wa kutunza siri, kazi ambayo vijana wa taasisi wenyewe wanaweza kuifanya kabla mkufunzi hajafika. Zabuni ya mafunzo hayo itatangazwa tena mwakani, na kifungu chake cha kwanza kiandike kwamba mkufunzi atapokea daftari la hitilafu za miezi sita wiki mbili kabla ya darasa, kwamba kila siku itaanza na hitilafu moja kutoka katika daftari hilo, na kwamba malipo ya mwisho yatatolewa baada ya angalau mojawapo kurekebishwa na mshiriki kwa mikono yake, mkufunzi akiwa ameketi pembeni.