Mifupa ya Mama Zetu na Bei ya Kidonge

Bibi wa miaka sabini ateleza uani kwake Kaole, aanguka kwa kimo chake tu, na nyonga yavunjika. Majirani husema, "Ni uzee." Sisi twasema si uzee peke yake. Mara nyingi ni ugonjwa. Una jina lake na una dawa yake, na dawa hiyo haina sababu ya kuwa ghali.

Waganga huuita osteoporosisi, yaani kudhoofika kwa mifupa. Mfupa si jiwe. Mwili huubomoa kidogo na kuujenga kidogo, kama mwenye nyumba ya udongo akandikaye ukuta wake kila mara. Mwanamke akiisha koma hedhi, kubomoa hushinda kujenga. Ugonjwa huu hauna homa. Wengi huutambua siku mfupa uvunjikapo.

Dawa moja izuiayo ubomoaji huo ni alendroneti. Kampuni ya Merck iliruhusiwa kuiuza Marekani mwaka 1995 kwa jina la Fosamax. Mwaka 1996 jarida la Lancet lilichapa uchunguzi wa wanawake 2,027 ambao mifupa yao ya uti wa mgongo ilikuwa imekwisha vunjika. Waliopewa dawa walivunjika nyonga kwa kiasi cha nusu tu ya wenzao waliopewa kidonge kisicho na dawa.

Haki ya kampuni hiyo ya kuiuza peke yake Marekani ilikwisha mwaka 2008. Tangu hapo viwanda vingine, vikiwamo vya India, hutengeneza dawa ile ile kwa jina lake la asili. Havirudii uchunguzi mkubwa wa mwanzo. Hutakiwa kuthibitisha kwamba dawa yao huingia katika damu kwa kiasi kile kile. Ndiyo maana bei hushuka. Mwaka huo huo Uingereza iliagiza waganga wake waanze na alendroneti ya bei nafuu. Ikiwa taifa tajiri halikuona haya kununua rahisi, sisi tuone haya ya nini? Rahisi si bandia, mradi dawa imesajiliwa na Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba.

Tutaambiwa kwamba malaria na uzazi vyatangulia. Hatupingi. Lakini nyonga iliyovunjika nayo hula fedha: kitanda cha hospitali, upasuaji, na binti anayeacha biashara yake ya samaki ufukweni Bagamoyo ili amwuguze mamaye. Kidonge cha miligramu 70 humezwa mara moja kwa juma, yaani 52 kwa mwaka. Pima mwenyewe, ndugu msomaji, upi mzigo mzito.

Basi yatupasa kutenda. Mganga aandike jina la asili la dawa, kama iandikavyo Orodha ya Taifa ya Dawa Muhimu. Mwenye duka amwonyeshe mnunuzi dawa zote za jina hilo na bei zake. Hospitali za Pwani zihesabu wagonjwa wao na kuagiza kwa pamoja kupitia Bohari ya Dawa, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1993. Kwani anunuaye kwa wingi ndiye apunguziwaye. Tena, mtu wa Saadani alazimikaye kuifuata dawa Dar es Salaam hulipa nauli, na nauli nayo ni bei ya dawa. Na Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 itekelezwapo, mifupa ya wazee isisahauliwe.

Mgonjwa naye ana wajibu. Dawa hii humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi nzima ya maji matupu, wala si kwa chai. Kisha asilale kwa nusu saa, isije ikamchoma umio. Mwenye maradhi ya figo amwambie mganga kwanza. Dawa rahisi ikimezwa vibaya ni fedha iliyotupwa.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa tumeuona, na udongo wa kuuziba si ghali tena. Wenye mamlaka wasingoje ukuta uanguke.