Kimo cha Gari Hakina Hatia

Nimeisoma makala ya muungwana aliyehukumu kwamba gari lililonyanyuliwa halina budi kumtesa abiria, na kwamba atakaye raha na alishushe. Hukumu hiyo siikubali, kwa kuwa imemwadhibu asiye na hatia. Land Cruiser ivukayo Malagarasi pale Ilagala na kuendelea hadi Kalya, kando ya Ziwa Tanganyika, katika njia ambayo masika huitoboa makorongo, huhitaji kimo kwa dharura, si kwa anasa. Adha hutoka kwingine: mwenyewe hufungiwa springi zilizokusudiwa shehena ya tani nzima, kisha hupanda peke yake na mkoba wake, shokapu huachwa zile zile fupi, na matairi hujazwa upepo kana kwamba ni ya lori. Tena bushi, ambazo muungwana huyo hakuzitaja hata kwa ishara, mafundi wengine, wa Ujiji na kwingineko, huzikaza gari lingali juu ya jeki na magurudumu yananing'inia, hata likishushwa mpira wa bushi hujisokota, ukakakamaa, na mwisho ukapasuka. Laiti muungwana huyo angalizilegeza bushi gari likiwa limesimama kwa uzito wake, akazikaza upya na kupunguza upepo, asingalikuwa na mengi ya kuandika.