Mtoto Analala kwa Mama, Nafuu ya Kodi ni ya Nani?

Juzi kwenye foleni ya benki hapa Malindi, dada mmoja muuguzi, mtalaka mwenye watoto watatu, alinionyesha karatasi yake ya mshahara. "Kaka, hii nafuu ya kodi ya shilingi 2,400, mbona ni sawa na ya kijana asiye na mke wala mtoto?"

Swali alilipata kwa nduguye aliye Marekani, ambaye anavutana na mtalaka wake juu ya nani amwandike mtoto kwenye fomu ya kodi. Kule mtoto ana uzito. Kwa mwaka 2025 nafuu ya mtoto mmoja inafika dola 2,200, na sheria hutazama amelala kwa nani usiku mwingi zaidi. Naam, usiku unahesabiwa! Ukiwa sawa kwa sawa, humwandika mwenye mapato makubwa. Anayekaa na mtoto aweza kumwachia mwenzake nafuu hiyo kwa kutia sahihi fomu maalumu.

Kwetu Kenya ugomvi huo haupo kwa sababu hakuna cha kugombea. Nafuu ni 28,800 kwa mwaka, uwe na watoto sita au usiwe na hata paka. Haikuwa hivi daima. Sheria ya Kodi ya Mapato ya 1973 ilitenganisha nafuu ya mwenye familia na ya mseja, kisha zikaja kufanywa moja. Tulirahisisha hesabu, na aliyebaki na watoto tukamsahau.

Tuseme basi nafuu ya mtoto irudi. Apewe nani? Hapa ndipo sisi Waislamu wa pwani tutakapobishana. Baba atasema, nafaka ya mtoto iko juu yangu kisheria, kadhi ameniandikia, nafuu ni yangu. Mama atasema, mtoto analala kwangu, homa ya usiku naiona mimi. Wote wawili wana hoja. Katiba nayo, kifungu cha 53, yasema wajibu wa kumlea mtoto ni wa mama na baba kwa usawa, wawe wameoana au la.

Rai yangu: ianze kwa anayekaa na mtoto. Baba akitaka sehemu, alete ushahidi wa nafaka aliyotoa mwaka ule, si karatasi ya hukumu tu. Hukumu twazijua. Wangapi wameamriwa na kadhi, wakatoa miezi miwili, kisha simu ikawa haipatikani? Na baba anayetoa kila mwezi bila kusukumwa (nao wapo, tusiwadhulumu) hatatishika kuonyesha ujumbe wake wa M-Pesa.

Lakini tusijidanganye. Nafuu ya kodi humfaa mwenye kodi ya kupunguziwa. Anayepata mshahara wa 24,000 kwa mwezi kushuka chini, ile 2,400 tayari imeimaliza kodi yake yote. Muuguzi na mwalimu watapumua, ila mama wa mahamri na viazi vya karai hatapata hata ndururu. Kwake yeye mzigo uko SHA, ambako asiye na ajira huanzia shilingi 300 kwa mwezi, na hutakiwa alipe ya mwaka mzima kwa mpigo, yaani 3,600. Akiwa peke yake na watoto, huyo ndiye wa kupunguziwa kwanza, na haihitaji fomu ya KRA.

Kila mwaka Mswada wa Fedha ukifika Bungeni, wananchi huitwa watoe maoni. Kaunti ya Kilifi ina wabunge saba wa maeneo, na mwakilishi wa kike. Yule dada ameniomba nimsaidie kuandika barua kwa kamati ya fedha. Nimemwambia aje nayo karatasi ya mshahara, na mwenye mahamri wa mtaani kwao aje naye.