UJAMAA SI KUPAKIWA KWENYE LORI

Wako mabwana ambao wakisikia neno UJAMAA hucheka, wakasema ndilo lililotutia njaa. Wako na wengine wanaolitukuza kama dini. Sisi twasema wote wanalionea neno hilo, maana wote wanalibandika jambo lisilokuwa lake.

Jamaa ni nani? Ni yule ambaye akifiwa utakwenda bila kuitwa, na akilima utamsaidia, ili kesho naye aje shambani kwako. Mwalimu Nyerere alipolichagua neno hili katika kijitabu chake cha mwaka 1962, alieleza kwamba ujamaa ni jambo la moyo. Hakusema ni jambo la mgambo.

Watu wa Litowa, huko Songea, walilielewa. Vijana wa TANU walianzisha kijiji hicho mwanzoni mwa miaka ya 1960. Wakalima pamoja, wakawa na shule yao, wakaamua mambo yao mkutanoni. Vijiji vingine zaidi ya kumi vikaungana nao katika Chama cha Maendeleo cha Ruvuma. Je, walipewa nishani? Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU ilikivunja chama hicho! Wakubwa hawakupenda wakulima wanaojiamulia.

Kisha Novemba 1973 ikatoka amri: kila mkulima awe kijijini kabla ya kwisha mwaka 1976. Mamilioni wakahamishwa, mahali pengine nyumba zilichomwa moto, na watu wakashushwa mbali na mashamba yao. Hao nao wakaitwa wajamaa! Hali sheria ya 1975 yenyewe ilitenganisha kijiji cha kawaida na kijiji cha ujamaa. Mwaka 1976 serikali ikavunja na vyama vikuu vya ushirika, ambavyo wakulima wa kahawa na pamba walivijenga tangu zama za mkoloni. Ikabidi virudishwe kwa sheria ya 1982.

Basi anayetuambia ujamaa umeshindwa, twamwuliza: upi? Wa Litowa, au wa lori? Wakulima wakitaka kuuza mazao pamoja ili mlanguzi asiwapunje, huambiwa wanarudisha njaa ya zamani. Lakini mkubwa akitamani ardhi ya kijiji, husema ni kwa manufaa ya jamii. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imeupa mkutano mkuu wa kijiji kauli juu ya ugawaji wa ardhi hiyo. Mwanachama, ukiitishwa nenda. Na atakayesimama kutamka neno JAMII aulizwe kwanza ni lini jamii hiyo ilikaa ikakubali.