Bonde Lile Halikuzaliwa Tupu

Nilipoyaona matuta yale nilidhani macho yananidanganya. Tulikuwa watu kumi na mmoja ndani ya basi dogo, tukipita katika bonde la Doolough, kaunti ya Mayo, magharibi mwa Ireland. Mvua ilikuwa imekatika punde tu na jua la jioni lililala ubavuni mwa mlima. Mwanga ule wa kulala ndio uliofichua mistari mirefu, sambamba, iliyopanda mteremko hadi mahali ambapo leo hata kondoo hupanda kwa taabu. Abiria wenzangu waliinua simu zao. Mmoja akasema kwamba maumbile ni fundi. Mimi nimelelewa na mama aliyelima viazi vitamu kwa jembe la mkono, na tuta nikiliona nalijua. Hapakuwa na ufundi wa maumbile pale. Palikuwa na kazi ya mkono wa mtu, na mtu mwenyewe hayupo.

Naandika makala haya kupinga namna ya kuonyesha nchi ambayo inamwondoa huyo mtu mara ya pili. Mara ya kwanza aliondolewa na njaa, sheria na kabaila. Mara ya pili anaondolewa na mwongoza watalii mwenye kipaza sauti, kwa kunyamaza.

Niseme mapema kwamba sina ugomvi na safari za vikundi vidogo. Nilikwenda Ireland kwa mkutano wa kitaaluma, nikabaki na siku nne, nikalipa kwa hiari yangu. Ni bora mara kumi kuliko yale mabasi makubwa yanayomwaga watu hamsini kwenye genge la Moher, wakatazama bahari kwa dakika arobaini, kisha wakazolewa kurudi Dublin kabla ya usiku. Basi dogo hupita njia nyembamba. Mwongozaji hulijua jina lako siku ya kwanza. Hata hivyo, ubora huo ndio unaoongeza uzito wa shitaka langu. Mwenye abiria hamsini anaweza kujitetea kwamba hana nafasi ya kueleza. Mwenye abiria kumi na mmoja na siku nne za barabarani, aliyeahidi katika tangazo lake kwamba atakuonyesha mandhari na urithi wa nchi kwa undani, anajitetea kwa lipi?

Siku ile tulianzia Galway, tukavuka Connemara, tukasimama Kylemore. Hapo tulikaa saa mbili. Kylemore ni kasri la mawe kando ya ziwa, lililojengwa kuanzia miaka ya 1860 na Mitchell Henry, tajiri wa ukoo wa wafanyabiashara wa Manchester, na tangu 1920 ni makao ya watawa Wabenedikto. Tulisimuliwa mapenzi ya tajiri huyo kwa mkewe, kifo cha mke huyo mwaka 1874, kanisa dogo lililojengwa kwa kumbukumbu yake na bustani iliyozungushiwa ukuta. Masimulizi mazuri, sikatai. Kisha tukafika Leenane, tukaelezwa kwamba filamu ya The Field ilipigwa pale, filamu ambayo, ajabu ya mambo, inahusu mtu anayeua kwa ajili ya kipande cha ardhi. Kisha tukaingia Doolough. Tulipewa dakika kumi za kupiga picha ziwani. Mwongozaji alisema kwamba jina lina maana ya ziwa jeusi, na kwamba hapa ni mojawapo ya mahali ambapo bado unaweza kuiona Ireland kama ilivyoumbwa.

Kama ilivyoumbwa! Nitaeleza iliumbwaje.

Mwaka 1841 kisiwa cha Ireland kilikuwa na watu zaidi ya milioni 8. Magharibi, wakulima wengi walikuwa wapangaji wadogo kwenye ardhi ya makabaila, wakiishi kwa viazi kwa sababu ni zao pekee lililoweza kulisha familia kwenye kishamba kidogo namna ile. Mwaka 1845 ukaingia ugonjwa wa ukungu uliooza viazi ardhini. Kati ya mwaka huo na 1852 walikufa watu wapatao milioni moja, na zaidi ya milioni moja wengine wakahama. Ukijumlisha leo watu wa Jamhuri ya Ireland na wa Ireland ya Kaskazini, unapata milioni 7 hivi. Miaka mia na themanini imepita na kisiwa bado hakijafikia idadi yake ya zamani. Ukungu wa viazi ulipita nchi nyingi za Ulaya. Haukuacha kwingine pengo la namna hiyo.

Sasa turudi bondeni. Tarehe 30 Machi 1849 mamia ya watu wenye njaa walikusanyika Louisburgh, mji mdogo kaskazini mwa Doolough, kwa sababu maofisa wawili wa msaada wa maskini walitarajiwa kuja kuwakagua na kuamua nani aendelee kupewa posho ya chakula. Ukaguzi haukufanyika. Maofisa waliendelea na safari hadi Delphi Lodge, nyumba ya mapumziko ya kabaila, takriban kilomita 19 kusini, wakaacha agizo kwamba anayetaka posho afike huko kesho yake saa moja asubuhi. Asiyefika atafutwa kwenye orodha.

Nawaomba watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wasimame hapo kidogo. Hapakuwa na bunduki. Hapakuwa na amri ya kuua. Palikuwa na orodha, na mabadiliko ya mahali pa mkutano. Watu waliokuwa wameishiwa nguvu, wanawake na watoto miongoni mwao, wakatembea usiku kucha katika baridi na mvua, wakapita kando ya lile ziwa, kwa sababu ofisi ilihamia mahali palipoifaa ofisi. Simulizi za wenyeji zinasema kwamba walipofika waliambiwa wangoje, mabwana wanakula. Wengi walirudishwa mikono mitupu. Miili iliokotwa kando ya njia ile ile ambayo basi letu lilipita kwa dakika chache tukisikiliza muziki wa filimbi.

Nyumba ile bado ipo. Leo inapokea wageni wanaokuja kuvua samaki.

Mtu atasema kwamba hilo ni tukio moja la kusikitisha, lisitie doa mandhari yote. Sivyo. Doolough ni mfano wa jinsi mashine nzima ilivyofanya kazi, na utupu wa magharibi ya Ireland ni zao la mashine hiyo. Mwaka 1847 Bunge la London lilipitisha kifungu kilichopendekezwa na William Gregory, mbunge wa Dublin: mwenye zaidi ya robo ekari ya ardhi asipewe msaada wa umma. Ukitaka uji, toa shamba. Tayari kulikuwa na sheria iliyomtwisha kabaila kodi ya maskini kwa kila kishamba chenye thamani isiyozidi pauni 4. Ziweke sheria hizo mbili pamoja na hesabu inajifanya yenyewe: mpangaji mdogo akawa hasara, na kumwondoa ikawa nafuu. Nyumba zikabomolewa ili waliomo wasirudi. Mashamba yakaunganishwa, wakaingizwa ng'ombe na kondoo. Katika miaka hiyo hiyo nafaka na mifugo viliendelea kupakiwa melini kwenda Uingereza. Charles Trevelyan, mtumishi mwandamizi wa Hazina aliyesimamia msaada ule kwa ubahili mkubwa, alitunukiwa heshima ya kuitwa Sir mwaka 1848, njaa ikiwa bado inaua.

Siku ya tatu tulielekea kusini na kusimama Coole Park, karibu na Gort. Palikuwa nyumbani kwa Lady Gregory, mwandishi, mlezi wa fasihi ya Ireland na mmoja wa waasisi wa jumba la maigizo la Abbey. Nyumba ilibomolewa mwaka 1941, lakini bustanini umebaki mti wenye herufi za majina ya wageni wake zilizochongwa kwenye gome: Yeats, Shaw, Synge, O'Casey. Tulikaa chini ya mti huo kwa zaidi ya nusu saa. Nami nafundisha, kwa hiyo nilifurahi kuona waandishi wanaheshimiwa kiasi hicho. Lakini mume wa Lady Gregory, mwenye shamba lile, alikuwa ni yule yule Sir William Gregory wa robo ekari. Halikutamkwa neno hata moja. Herufi kwenye gome zilipewa nusu saa, na kifungu kilichowang'oa watu ardhini hakikupewa hata sekunde.

Kuna hoja ya kuwatetea wauzaji wa safari hizi, nami nimeisikia kutoka kwa watu ninaowaheshimu: mtalii amekuja kupumzika, amelipa fedha zake, usimlishe maiti kabla ya chakula cha mchana. Hoja hii inamdharau mtalii kuliko ninavyomdharau mimi. Abiria wenzangu walikuwa walimu wastaafu, muuguzi kutoka Canada, kijana na mchumba wake, watu wazima wenye akili. Walisikiliza kwa makini kifo cha mke wa Mitchell Henry. Hawakukimbia kifo, basi. Wanachokingwa nacho ni lawama, kwa maana kifo cha mke wa tajiri hakimlaumu mtu, na kifo cha mpangaji kinamlaumu.

Wala isisemwe kwamba Waayalandi wenyewe wamesahau. Chini ya mlima wa Croagh Patrick, pale Murrisk, ipo sanamu ya meli ya shaba iliyozungukwa na mifupa ya binadamu, kazi ya John Behan, iliyozinduliwa na Rais Mary Robinson mwaka 1997. Strokestown kuna jumba zima la makumbusho ya njaa katika makao ya zamani ya kabaila. Na pale Doolough yapo mawe ya kumbukumbu. Wenzangu walipokuwa ziwani nilitembea hadi kwenye jiwe mojawapo. Maandishi yake yanawakumbuka maskini wenye njaa waliotembea hapo mwaka 1849, na wale wanaotembea hivyo leo katika Dunia ya Tatu, kisha yanataja uhuru wa Afrika Kusini, 1994. Kila mwaka watu huitembea njia ile kwa kumbukumbu, na mwaka 1991 alitembea nao Askofu Mkuu Desmond Tutu. Wanakijiji wa Mayo walimwona mtu wa Soweto kama jamaa wa wafu wao, wakaliandika hilo kwenye jiwe kando ya barabara. Mwafrika pekee katika basi letu alilisoma jiwe hilo peke yake, akirukia madimbwi ili asiachwe.

Usiku ule, Westport, nilimuuliza mwongozaji. Nilimkuta hotelini akinywa chai, nikamwambia bila kuzunguka kwamba yale niliyoyaona mlimani ni matuta. Alinyamaza kidogo, kisha akasema: "Daktari, bibi wa bibi yangu alitoka Louisburgh." Alikuwa anajua kila kitu. Alijua tarehe, alijua majina ya maofisa. Miaka ya mwanzo alikuwa akisimulia, mpaka baadhi ya wageni wakaandika kwamba siku ya pili ilikuwa nzito, nyota zake zikashuka kutoka tano hadi nne, na ofisi ikamwita. Tangu hapo huweka muziki wa filimbi.

Kwa hiyo mtu nimlaumuye si yeye. Yeye ni mjukuu wa waliotembea, na amewekewa orodha yake mwenyewe, ya nyota. Nawalaumu wanaompangia cha kusema, na nawalaumu wenzangu wa vyuo vikuu tunaofundisha utalii na urithi kana kwamba ni elimu ya ukarimu na usafi wa vyoo, tukimhitimisha mwanafunzi anayeweza kutaja urefu wa kila mlima na asijue kuuliza nani alikuwa akiishi pale. Neno "asili" limefanya kazi chafu sana katika vijitabu vyetu. Msomaji wa Arusha atakuwa ameshatambua naweza kuelekea wapi na hoja hii, tangu Wamaasai walipohamishwa Serengeti mwaka 1959. Huko nitakwenda siku nyingine, na kwa kirefu.

Safari ilipokwisha nilitumiwa fomu ya tathmini. Mwongozaji nilimpa nyota tano, maana nilijua zinaamua nini. Chini kulikuwa na kisanduku cha maoni. Nikaandika jina la bonde, tarehe ya mwaka 1849, na ombi moja: mumruhusu asimulie, kwa dakika ishirini, kwenye jiwe, basi likiwa limezimwa. Jibu lilikuja baada ya wiki moja. Walinishukuru kwa kuyapenda mandhari ya Doolough, wakanipa punguzo la asilimia kumi kwa safari ijayo.