Umeoa daktari wa saratani? Soma hapa

Mwezi huu nawageukia nyie kaka zangu mliooa madaktari bingwa wa saratani za wanawake: shingo ya kizazi, mfuko wa uzazi, ovari. Malalamiko yenu nayajua. Kikao cha harusi ya mdogo wako hakutokea. Simu za usiku hazikatiki. Na kompyuta imehamia chumbani, utadhani umeletewa mume mwenza!

Tuanze na mchana wake. Kutoa kizazi chenye saratani, pamoja na nyama za pembeni na matezi, ni kazi ya masaa, kwa hiyo asipopokea simu usinune. Akitoka hapo kuna kliniki. Wagonjwa wengi wanafika wamechelewa, na ni yeye anayemwambia mama wa watoto watatu kwamba kisu hakitafaa tena, aende kwenye mionzi. Kisha anarudi nyumbani, unamuuliza, “Mbona umevimba?” Hawezi kukuhadithia, siri ya mgonjwa ni siri. Mwache aoge kwanza. Nusu saa tu, jamani.

Ila ugomvi wenyewe uko kwenye utafiti. Wodini kuna mshahara, lakini hizo takwimu za usiku, mnaniuliza, zinalipa nini? Sikia. Utafiti mkubwa wa Mumbai, India, uliotangazwa mwaka 2013, ulionyesha kwamba kuwapima wanawake kwa siki kila baada ya miaka miwili kulipunguza vifo vya saratani ya shingo ya kizazi kwa asilimia 31. Siki, ndugu yangu! Na binti yako kuchanjwa dozi moja ya HPV badala ya mbili, kama ilivyo Tanzania tangu 2024, kumetokana na watu waliokaa na takwimu hizo hizo. Huku kwetu saratani hiyo ndiyo inayoongoza kwa wanawake. Ukimwambia aache utafiti, ujue unamwambia aache nini.

Na wewe dada daktari usicheke, sikutetei kwa kila kitu. Tafiti tatu kwa mpigo za nini? Shika moja. Muombe bosi wako muda wa mchana kwa ajili yake, uandikwe kabisa kwenye ratiba ya zamu, maana usiopangwa utauiba kwa wanao. Na kitandani kompyuta haina kazi.

Kuna wanandoa nawafahamu walikaribia kuachana kwa hilo. Sasa Jumatano mchana mke yuko na utafiti wake mpaka giza, mume anachukua watoto shule na kupika. Jumapili simu za wodi zinapokelewa na mwenzake wa zamu. Mama mkwe aliguna kwamba mwanawe kageuzwa yaya. Aliyemjibu ni mume mwenyewe, tena kwa heshima zote: “Shikamoo mama. Jumatano ni zamu yangu.”