Ardhi ya jamii isajiliwe wenyewe wakiwapo

Sheria ya Ardhi ya Jamii ilianza kutumika Septemba 2016. Hadi leo, sehemu kubwa ya ardhi hiyo, ambayo ni zaidi ya nusu ya Kenya, haijaandikwa kwa jina la jamii yoyote. Jamii chache zimekabidhiwa hatimiliki. Nyingine, kutoka Turkana na Marsabit hadi Tana River, zingali zinaishi kwenye ardhi ambayo kaunti inazishikia kama mdhamini. Wizara ya Ardhi haionyeshi haraka yoyote, na magavana wengi hawaisukumi.

Mkazi wa jiji anaweza kudhani kuwa haya ni mambo ya wafugaji wa mbali. Hayako mbali. Mtaa wa Kabiria jijini Nairobi, kama Riruta, Waithaka na Mutuini, ulikuwa mashamba ya Wakikuyu chini ya Kiambu kabla mipaka ya Nairobi haijapanuliwa wakati wa uhuru. Ardhi ilikuwa ya mbari, yaani ukoo. Mzee wa mbari aliisimamia lakini hakuweza kuiuza atakavyo. Ahoi, wasio wa ukoo huo, walipewa pa kulima, na mjane alijua shamba lake ni lipi hata kama jina lake halikuandikwa popote.

Mpango wa Swynnerton wa 1954, wa serikali ya kikoloni, ulibadilisha hayo yote. Vipande vilivyotawanyika viliunganishwa, vikapimwa, kisha vikasajiliwa kwa jina la mtu mmoja, mara nyingi mwanamume. Kazi hiyo ilifanyika wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa na wakoloni, maelfu ya wanaume wakiwa vizuizini na familia zao zimesongamanishwa katika vijiji vya lazima. Mtu aliyekuwa kizuizini hakuwa na wa kumsemea mbele ya kamati ya kugawa ardhi. Ahoi hawakuandikwa, na wanawake wengi hawakuandikwa vilevile.

Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963 ikaja kufunga mlango. Kifungu cha 143 kiliizuia mahakama kurekebisha usajili wa kwanza hata ulipopatikana kwa ulaghai. Ilichukua nusu karne, hadi sheria mpya ya 2012, kwa kinga hiyo kuondolewa. Kufikia wakati huo walalamishi wengi walikuwa wamekwisha kufa, na ardhi yenyewe imebadilisha mikono mara kadhaa.

Hatudai kwamba hatimiliki hazikuwafaa watu wa Kabiria. Ziliwawezesha wengi kukopa benki, kusomesha watoto na kujenga nyumba za kupangisha. Lakini tunasisitiza kwamba daftari la ardhi huamua hatima ya vizazi, na asiyekuwapo siku ya kuandikwa huenda asirudi tena. Shamba lililolisha ukoo mzima sasa limekatwakatwa kuwa ploti za thumuni ya ekari, ndugu wanashtakiana kuhusu mirathi, na wajukuu wa ahoi wanalipa kodi ya chumba pale mababu zao walipolima.

Hatari hiyo sasa imesogea. Vuka mpaka wa Nairobi uingie Kajiado. Ranchi za vikundi, yaani ardhi ya pamoja ya wafugaji, zilizoundwa chini ya sheria ya 1968 zimegawanywa moja baada ya nyingine. Ile ya Kitengela iligawanywa tangu miaka ya 1980, madalali wakafuata, kisha nyua za waya zikafunga njia walizotumia mifugo, na wanyama wa Mbuga ya Taifa ya Nairobi, kwenda malishoni. Kiangazi kinapobana, mfugaji mwenye ekari chache na hatimiliki mkononi hana pa kuwapeleka ng'ombe wake.

Sheria ya 2016 iliandikwa kuzuia hayo. Inataka jamii isajiliwe, ichague kamati, na isiuze ardhi bila idhini ya theluthi mbili ya wanachama wake watu wazima. Inakataza ubaguzi dhidi ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Huo ni ulinzi mzuri, ila unaikinga tu jamii iliyosajiliwa. Ambayo haijasajiliwa haina orodha ya wanachama, kwa hiyo hakuna anayeweza kuhesabu theluthi mbili. Serikali ikichukua sehemu ya ardhi yake kwa barabara au bomba la mafuta, fidia inawekwa kwenye akaunti ya kaunti mpaka usajili ukamilike. Wenye ardhi wanasubiri, na pesa zao ziko mikononi mwa wanasiasa.

Wakati huohuo bei ya ardhi kavu inapanda. Wawekezaji wanataka upepo, jua na biashara ya hewa ya kaboni. Januari 2025 mahakama ya ardhi iliamua kuwa hifadhi mbili za wanyamapori kwenye ardhi ya jamii katika Kaunti ya Isiolo zilianzishwa kinyume cha sheria. Walalamishi walishinda, lakini baada ya hifadhi hizo kufanya kazi kwa miaka. Jamii iliyosajiliwa mapema ingeketi mezani tangu mwanzo na kukubali au kukataa.

Bunge nalo lina deni kuhusu ardhi ambayo tayari imegawanywa. Kifungu cha 68 cha Katiba kinaagiza itungwe sheria ya kiwango cha chini na cha juu cha ardhi ya mtu binafsi. Mswada uliandaliwa 2015, ukaachwa. Kila mwaka unaopita bila sheria hiyo, mashamba ya Kiambu, Kisii na Vihiga yanazidi kumegwa mpaka hayatoshi kulisha familia moja.

Msimamo wetu ni huu. Waziri wa Ardhi achapishe ratiba ya usajili, kaunti kwa kaunti, yenye tarehe za kuanza na kumaliza. Hazina ya Taifa itenge fedha za wapimaji na wasajili katika bajeti ijayo, kwa sababu kazi hii haitafanywa kwa warsha za hotelini. Ugawaji wa ranchi yoyote ya kikundi usimamishwe hadi daftari la wanachama lisomwe hadharani, kwa lugha ya wenyeji, na majina ya wake, mabinti na wajane yaonekane humo. Na kila gavana atangaze ni kiasi gani cha fidia ya ardhi ya jamii anachoshikilia, kimo katika benki gani, na ni cha kijiji kipi.